Kelele za Kichwani: Niliyoyapitia Nikipima Ubongo kwa Mwanga

Grafu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mshiriki anapewa herufi, anataja kwa sauti maneno yote anayoweza yanayoanza na herufi hiyo, na mstari mwekundu wa hemoglobini yenye oksijeni unapanda taratibu, unatulia juu, kisha unashuka anaponyamaza. Ilikuwa hivyo kwa karibu kila mshiriki, karibu kila chaneli (jozi ya taa na kipokezi) ya paji la uso. Niliituma kwa msimamizi wangu usiku uleule. Asubuhi likaja jibu la sentensi moja: "Una uhakika hiyo si ngozi?"

Sikuwa na uhakika. Hata sikujua kwamba kuna swali kama hilo.

Nilikuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamili, na sehemu kubwa ya muda wangu iliishia kwenye kazi ambayo haikuwamo kabisa kwenye andiko langu la utafiti, yaani kuondoa kelele (mawimbi yasiyotokana na kazi ya ubongo) kwenye vipimo vya fNIRS, mbinu ya kupima ubongo kwa mwanga. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoanza, wawe wa saikolojia, udaktari au uhandisi, ambao siku moja watakabidhiwa kofia yenye nyaya na kuambiwa "haya, anza kupima".

Kwa asiyeijua mbinu hii: washa tochi ya simu gizani, iweke kidole juu yake. Kidole kinang'aa wekundu, kwa sababu mwanga mwekundu, na ule wa infraredi ulio jirani yake usioonekana kwa macho, hupenya nyama kuliko rangi nyingine. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, akiwa Marekani, alionyesha kwenye jarida la Science kwamba mwanga wa namna hiyo unaweza kufuatilia oksijeni kwenye ubongo bila kupasua fuvu. Mashine nyingi za leo hurusha mawimbi mawili, mathalani ya nanomita 760 na 850, kwa kuwa hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mwanga kwa viwango tofauti pande mbili za nanomita 800. Taa inakaa hapa, kipokezi sentimita 3 pembeni, na ule mwanga kidogo unaorudi ndio data yako. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka mahali pale na ile isiyo na oksijeni hupungua kidogo. Kilele huja sekunde tano au sita hivi baadaye.

Sasa fuata safari ya mwanga huo. Unapita ngozi, unapita fuvu, unagusa tabaka la juu la ubongo, halafu unarudi kwa kupita fuvu na ngozi mara ya pili. Na ngozi ya kichwa imejaa damu. Moyo ukidunda, nayo inadunda. Ukipumua, inabadilika. Ukiona haya mbele ya mtafiti au ukijikakamua kutafuta neno linaloanza na K, inabadilika pia, tena katika sekunde zilezile unazozipima. Mwaka 2011 Takahashi na wenzake wa Japani walichapisha utafiti uliotumia jaribio lilelile nililolifanya mimi, la kutaja maneno, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye paji la uso ni mtiririko wa damu ya ngozi. Nilisoma makala ile nikiwa na hasira, kana kwamba iliandikwa kunikomoa mimi. Na si suala la wasomi kubishana tu, maana huko huko Japani, tangu 2014, bima ya afya hulipia kipimo cha fNIRS chenye jaribio hilo ili kumsaidia daktari kutofautisha sonona na magonjwa mengine yenye dalili zinazofanana.

Tiba yake kubwa inajulikana: chaneli fupi. Unaweka kipokezi cha ziada milimita 8 hivi kutoka kwenye taa. Kwa umbali huo mwanga hauna nafasi ya kufika ubongoni. Unarudi ukiwa umeona ngozi na fuvu tu. Ukishakuwa na mstari wa ngozi peke yake, unaweza kuupunguza kutoka kwenye mstari wa chaneli ndefu, au, kama tulivyofanya baadaye, kuuingiza kwenye modeli ya takwimu ili ueleze sehemu yake na ubongo ueleze iliyobaki. Wazo hilo waliliweka wazi Saager na Berger mwaka 2005, si jipya. Lakini kofia tuliyokuwa nayo haikuwa na chaneli fupi, na bei ya kuziongeza ilizidi kwa mbali posho yangu. Niliandika barua pepe za kuomba, nikajibiwa "bajeti imefungwa", nikaandika tena. Zilipopatikana ilikuwa kwa kuazimwa na kundi lingine, na data zote za mwanzo zikabaki kuwa za mazoezi. Washiriki wale nilishawalipa. Hela haikurudi, na mimi nililia bafuni, naweza kusema hivyo sasa.

Kama huna chaneli fupi na huna pa kuazima, bado una la kufanya. Angalia zaidi hemoglobini isiyo na oksijeni. Mabadiliko yake ni madogo na hayapendezi kwenye grafu, ila haiyumbishwi sana na damu ya ngozi. Pia unaweza kutafuta kile kinachofanana kwenye chaneli zote za kichwa na kukitoa, kwa hoja kwamba ubongo hauwaki wote kwa pamoja kwa sababu ya herufi K. Ni njia ya mkato na ina hatari ya kutoa na chako, kwa hiyo itumie huku ukiiandika wazi kwenye ripoti.

Basi msimamizi akashauri tuhame kutoka paji la uso na kufunika pia upande wa kushoto wa kichwa, eneo linalohusika na lugha. Hapo ndipo nilipokutana na nywele.

Maabara ilikuwa na mwongozo ulioandikwa vizuri: mvishe kofia, tenganisha nywele kwa kijiti, bonyeza optodi (vichwa vya taa na vya vipokezi), endelea. Uliandikwa na watu wenye nywele laini kwa ajili ya watu wenye nywele laini. Nywele nyeusi hufyonza mwanga huu, na zinaposongamana chini ya optodi, kinachofika kwenye kipokezi ni kidogo mno kiasi kwamba mashine inajiongezea nguvu hadi mwisho na unaanza kurekodi mngurumo wa mashine yenyewe. Ngozi nayo ina mchango wake kwa sababu ya melanini, ila katika niliyoyaona mimi, nywele ndizo zilizokuwa zikiamua. Mtu mweusi tii alinipa mawimbi safi kwenye paji la uso. Juu ya sikio la mtu huyohuyo, hakuna kitu.

Nilianza kuona washiriki wakifutwa kwenye orodha kwa maneno mawili, "data mbovu", na waliofutwa walikuwa wakifanana. Wakifanana na mimi. Mwaka 2023 Jasmine Kwasa na wenzake walipitia makala za fNIRS na kuonyesha jinsi ambavyo nyingi hazisemi lolote kuhusu rangi ya ngozi wala aina ya nywele za waliopimwa, wala za walioondolewa. Unaweza kusoma utafiti mzima kuhusu "ubongo wa binadamu" usijue kwamba wenye nywele za kipilipili waliishia mlangoni.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo hakuwa mtafiti. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, Mkenya, aliyejitokeza kushiriki. Nilihangaika na kijiti changu kwenye nywele zake mpaka jasho likanitoka, naye akavumilia kwa heshima, mwishowe akacheka.

"Dada, hivyo hutafika leo. Hebu nionyeshe hizi taa zinakaa wapi."

Nikamvua kofia, nikamchorea kwenye karatasi mistari ya matundu, toka mbele kwenda nyuma. Akaipiga picha kwa simu. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa amesukwa twende kilioni nyembamba, na njia kati ya msuko na msuko zimepita pale pale penye matundu ya kofia, ngozi ikionekana wazi. Niliweka optodi zote bila kijiti. Kwenye skrini, mapigo ya moyo yake yalionekana chaneli baada ya chaneli, vilima vidogo vilivyopangana sawasawa. Fundi wa maabara aliyekuwa akipita alisimama kuangalia, akaniuliza tumebadilisha mashine gani.

Kwa upande wa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikwisha kulifikiria hili: wakabuni vishikio vya elektrodi vinavyobana katikati ya misuko. Kwetu kwenye mwanga kanuni ni ileile. Tangu siku ile nilianza kumtumia kila mshiriki ujumbe kabla hajaja: picha ya mistari ya kofia, ombi la kusuka kufuata mistari hiyo kama anaweza, na kwamba gharama ya msusi tutailipa. Hili la mwisho lilihitaji kibali cha kamati ya maadili na mstari mpya kwenye bajeti, kwa hiyo liweke mapema. Wigi livuliwe, na umwambie mtu kabla, kwa faragha. Usisubiri akae kwenye kiti mbele ya watu watatu. Rasta nene zenye nywele za bandia ni ngumu, sijapata njia. Nywele za afro zinawezekana kwa chanuo la meno mapana, njiti za pamba za masikioni, jeli kidogo na subira. Tenga muda mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye mwongozo, na usimfanye mshiriki ajione ndiye tatizo.

Yale mapigo ya moyo niliyoyataja ni jambo la kushangaza kidogo katika fani hii. Ni kelele, na baadaye utayaondoa, lakini kabla ya jaribio ndiyo unayoyatafuta. Kama kwenye chaneli huoni mdundo wa takriban mara moja kwa sekunde, basi mwanga wako haujagusana na ngozi vizuri na hakuna programu itakayokuokoa. Kuna kipimo cha hesabu chake, kilichopendekezwa na Pollonini na wenzake mwaka 2014, kinacholinganisha mdundo huo kwenye mawimbi yote mawili ya mwanga. Wengi huikataa chaneli yenye alama chini ya 0.75 au 0.8. Lakini macho yako yatakuambia kabla ya hesabu. Rekebisha wakati mtu bado yuko kitini.

Mwanga wa nje sitausemea sana. Funga pazia, zima taa za dari, funika kofia kwa kitambaa cheusi. Jua la dirishani likipita nyuma ya wingu, chaneli zako za upande huo zitakuonyesha.

Kinachohitaji kukaliwa chini ni mpangilio wa muda wa jaribio. Kelele za mwili zina mwendo wake: moyo uko kwenye hezi 1 hivi (mara moja kwa sekunde), pumzi kati ya 0.2 na 0.3, na kuna mawimbi ya shinikizo la damu yaitwayo mawimbi ya Mayer, yanayozunguka kwenye hezi 0.1, mara moja kila sekunde 10. Moyo na pumzi unaweza kuviondoa kwa filta, yaani chujio la kompyuta, bila shida kubwa. Mawimbi ya Mayer ndiyo kisirani. Mwenzangu mmoja wa maabara alipanga jaribio la sekunde 5 za kazi na sekunde 5 za kupumzika, akarudia na kurudia. Piga hesabu: mzunguko wa sekunde 10, yaani hezi 0.1. Aliingia kichwa kichwa palepale penye wimbi. Chekecheke hutenganisha pumba na unga. Haitenganishi unga wa mahindi na unga wa mtama vikishachanganyika. Kama kazi yako na kelele vina mwendo mmoja, filta itaviacha vyote au itavitoa vyote.

Mimi nilikuwa na sekunde 20 za kazi na mapumziko ya karibu muda huo, mzunguko wa sekunde 40, sawa na hezi 0.025, mbali na Mayer. Halafu tukayafanya mapumziko yasilingane, pengine sekunde 17, pengine sekunde 24, ili mwili wa mshiriki usizoee mdundo wa jaribio na kuanza kupumua nao. Upande wa chini uangalie pia. Ukiweka filta inayokata kila kitu chini ya hezi 0.01, umekata chochote kinachozunguka polepole kuliko sekunde 100. Mtu mwenye kazi ya dakika moja na mapumziko ya dakika moja atakuwa ameufuta ubongo wake mwenyewe, kisha aje kusema mashine haioni kitu.

Hizo namba za filta nilizikuta kwenye faili la programu tulilorithi, na kila mtu aliyenitangulia alilitumia bila kuligusa. Lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya jaribio la mtu mwingine.

Kuongea nako kuna mambo yake. Taya likisogea, msuli wa panja unavuta ngozi na optodi inacheza. Unapata miiba mirefu kwenye grafu, au mstari unaruka na kubaki juu kwa sababu kofia imehama. Isitoshe, mtu anayeongea mfululizo hutoa hewa nyingi, kaboni dayoksaidi kwenye damu inashuka, mishipa ya ubongo inabana, na hapo umebadilisha damu ya kichwa kizima bila kuhusisha wazo lolote. Dawa yake ni kuwa na kipindi cha kulinganisha ambacho mtu anaongea bila kutafuta. Katika jaribio la Wajapani, kabla na baada ya kutaja maneno, mshiriki hurudia irabu a, i, u, e, o. Mimi niliwataka wangu wahesabu moja hadi tano kwa sauti ileile na kasi ileile. Tofauti kati ya kuhesabu na kutafuta ndiyo iliyobeba swali langu. Tofauti kati ya kuongea na kunyamaza haikuwa na thamani tena, na ndiyo iliyokuwa imeifanya ile grafu ya kwanza ipendeze.

Uzito wa nyaya usiudharau. Tulianza kuzipitisha juu ya bega na kuzibana kwenye nguo, na miruko ikapungua kuliko programu yoyote ilivyowahi kuipunguza. Kabla ya kuanza, pima kichwa kwa futikamba ya fundi cherehani toka kwenye bonde la juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, weka alama katikati, na kofia ikae hapo. Pima tena mwisho. Kama imehama, andika.

Miiba iliyobaki ndiyo kazi ya kompyuta, na hapa mpangilio ni kila kitu. Data ghafi unaigeuza kwanza kuwa msongamano wa mwanga, unarekebisha mitikisiko, ndipo unachuja, ndipo unageuza kuwa hemoglobini. Ukichuja kabla ya kurekebisha, mwiba wa nusu sekunde unasambaa na kuwa kilima laini cha sekunde kadhaa, kinachofanana kabisa na ubongo. Nilichukua siku nzima kuligundua hilo kwenye data za mshiriki aliyepiga chafya. Kwa miiba, mbinu ya waveleti (hesabu inayogawa mawimbi vipande vifupi) hufanya kazi vizuri. Kwa mstari unaoruka na kubaki huko, mbinu ya splaini (mkunjo laini wa hesabu unaofuata mruko) iliyopendekezwa na Scholkmann na wenzake mwaka 2010. Zote zimo kwenye programu ya Homer3, ambayo ni ya bure ila inataka MATLAB, na wanaopenda Python wana MNE-NIRS. Usifute kipande cha data kwa mkono kabla hujajaribu hizo, na usizijaribu zote kisha ukachagua iliyokupa jibu ulilolitaka. Hilo la pili nimeliona likifanywa na watu wazima.

Baada ya yote hayo, paji la uso lilinyamaza karibu lote. Kilichobaki ni chaneli chache za kushoto, hemoglobini yenye oksijeni ikipanda kidogo na isiyo nayo ikishuka kwa wakati uleule, jinsi inavyotakiwa. Ukiona zote mbili zinapanda pamoja, shuku. Grafu iliyoingia kwenye tasnifu yangu ni ya kawaida sana. Mtahini aliitazama, akafungua ukurasa wa jedwali la walioondolewa, na muda mwingi wa maswali tukautumia hapo: nani aliondolewa, kwa sababu gani, nywele zake zilikuwa za namna gani. Nilikuwa na majibu kwa sababu tulianza kuyaandika kwenye daftari kila siku ya kipimo, pamoja na kahawa aliyokunywa mshiriki na kama alipanda ngazi akikimbia.

Kwa chuo ambacho bado hakijanunua mashine, kabla ya kusaini chochote muulize muuzaji kama chaneli fupi zimo kwenye bei au zinauzwa pembeni, kama data ghafi inatoka katika muundo wa SNIRF unaofunguka kwenye programu nyingi, na kama nguzo za optodi zake ni nyembamba za kutosha kupita kati ya misuko. Mwombe aje na kofia aijaribu hapo hapo. Mchagulie mtu mwenye nywele nyingi.